Sanamu Zinazocheza: Mwanza kwa Mpenda Kazi za Mikono

Mwanza ina sanamu chache mno za kusimama juu ya nguzo. Mtu anayetoka Dar es Salaam, ambako yule askari wa shaba ameshika bunduki yake katikati ya Posta tangu 1927, hushuka kwenye basi akitarajia vitu vya namna hiyo. Huzunguka mjini nusu siku, akarudi chumbani na picha moja ya samaki na tatu za mwamba, kisha akasema Mwanza hakuna cha kuona zaidi ya ziwa. Kosa ni la ratiba yake. Mji huu si makao makuu ya nchi, hayo ni Dodoma, lakini ndio mji mkuu wa Kanda ya Ziwa, na sanaa yake imekaa pembeni ya njia kuu: kilimani kule Kisesa, kwenye vichochoro vya mafundi bati, ndani ya nyumba ya ngoma za watemi, machifu wa Kisukuma. Tenga siku 2, vaa viatu vya kutembelea, na ujue uanzie wapi.

Huyo samaki kwanza, yaani sanamu yake. Yuko kwenye kipilefti katikati ya mji, na ukimtaja, bodaboda yeyote anajua pa kukupeleka. Wageni hupenda kubishana ni sangara au sato. Kwa samaki yeyote, wa sanamu au wa sokoni, angalia mkia na kichwa. Sangara ana mkia wa mviringo, mdomo mpana ambao taya la chini limetangulia la juu, na paji lililobonyea juu ya jicho. Sato ni bapa, kimo kirefu kutoka tumboni hadi mgongoni, mdomo mdogo, na mkiani ana mistari myembamba iliyosimama. Amua utakavyo, wote wawili ni wageni ziwani. Walipandikizwa kwenye miaka ya 1950 na 1960. Wenyeji wa maji haya ni ngege na mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao sangara aliwashukia mpaka aina nyingi zikatoweka. Ngege siku hizi ni wa kubahatisha hata kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Kumpiga picha samaki wa kipilefti, simama kona ya barabara mapema, kabla ya saa 3 asubuhi. Usivuke kwenda katikati. Daladala za pale hazina subira.

Mnara wa saa hauko mbali, na hautakuchukua dakika 5. Bamba lake linasema kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, kama maili moja hivi, Mwingereza Speke "aligundua" maji makuu ya ziwa hili. Wavuvi waliokuwa wakivua humo siku hiyo hawakuulizwa. Jina la malkia wake, Victoria, ndilo lililobaki kwenye ramani; jina la mji nalo ni Nyanza, yaani ziwa, lililobadilika mdomoni mwa wageni likawa Mwanza. Kutoka hapo nenda kwa miguu hadi mtaa wa Temple, ambako mahekalu ya Wahindu na misikiti vimepakana. Inua macho ghorofa ya pili: nakshi za saruji, vibaraza na madirisha ya wafanyabiashara wa enzi za pamba ziko huko juu. Chini kumeshabandikwa matangazo ya simu.

Hayo ndiyo ya mjini, na mtu akiishia hapo ana haki ya kulalamika. Lakini Wasukuma wana sanamu zao, na tangu mwanzo hazikuchongwa ili zisimame. Zilichongwa zicheze.

Ili kulielewa hilo, anza na mashindano ya ngoma. Kuna vyama viwili vikubwa vya wachezaji, Bagika na Bagalu, na vyote viwili hurudisha asili yao kwa watu wawili waliokuwa wapinzani: Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, kundi la upande huu na kundi la upande ule hukutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna meza ya majaji wala karatasi ya alama. Watazamaji wanatembea. Wanaoona upande wa pili umechangamka zaidi wanahamia huko, na kundi lililobaki na watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa utaratibu kama huo, kucheza vizuri peke yake hakutoshi. Lazima uwe na kitu cha kumfanya mtu ageuze shingo. Ndiyo maana Bayeye huingia uwanjani na chatu mkononi. Ndiyo maana wa Bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Na ndiyo maana viongozi wa ngoma walichongesha watu wa mti, wenye mikono ya kuungwa inayochezeshwa, wakawatoa ghafla katikati ya ngoma, wakati umati umeanza kusogea kwa jirani.

Ukishalijua hilo, sanamu ya Kisukuma inaanza kusomeka. Mikwaruzo ya shoka na tezo imeachwa wazi. Uso ni mifereji michache tu, macho matundu, shingo ndefu, kiwiliwili kama gogo. Anayeizoea sanaa ya Kimakonde, iliyosuguliwa mpaka inang'aa, huiona hii kama kazi ya haraka. Ila fikiria umbali: mtazamaji yuko hatua 20 au 30, kuna vumbi, na kitu kinatikisika. Nakshi ndogo ndogo zingempotezea mchongaji siku nzima na hakuna ambaye angeziona. Kinachohitajika ni umbo linaloonekana kutoka mbali na kiungo kinachozunguka. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuitazama karibu, acha uso, nenda begani. Tazama mkono umeshikizwaje, kwa kigingi au kwa ngozi, na kama tundu limelika upande mmoja. Tundu lililolika ni ushahidi kwamba ilichezeshwa. Lililo duara safi ni la sanamu iliyochongwa kwa ajili ya rafu.

Kwenda Bujora

Mahali pa kuyaona haya yote kwa mpangilio ni Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, karibu na Kisesa, kama kilomita 18 kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma. Panda daladala ya Kisesa. Ukiikosa, chukua ya Igoma ubadilishe pale. Shuka Kisesa, tafuta kibao, kisha kuna barabara ya vumbi ya kupanda, kilomita 1.7 hivi. Kwa miguu ni dakika 25, kwa bodaboda ni dakika 5, na patana bei kabla hujakaa. Ondoka mjini saa 2 asubuhi. Anayefika saa 6 mchana hukuta mawe yameshachemka na yeye mwenyewe ameshachoka kusikiliza.

Makumbusho yalianzishwa na padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Kanisa la duara lililo katikati ya eneo lilijengwa 1958 na limechukua mengi kutoka ujenzi wa Kisukuma. Wengi hulipita wakidhani ni la waumini tu. Ingieni, kwa heshima, kofia mkononi.

Kati ya majengo yote, lile la ngoma za watemi ndilo la kukaa nalo. Lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, kwa hiyo rudi nyuma hatua kadhaa ulitazame kabla ya kuingia. Ukiwa mlangoni umbo halionekani. Ndani kuna ngoma kubwa za tawala mbalimbali za Usukuma, na baadhi bado hupigwa kwenye sikukuu za kanisa na kwenye mapokezi ya viongozi. Usiguse bila ruhusa. Unachoweza kufanya ni kuinama na kuangalia ukingo: vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuzunguka ngozi, nafasi kati ya kigingi na kigingi, na mahali ambapo ngozi mpya imevikwa juu ya mzinga wa zamani, yaani mwili wa mti wa ngoma. Ngozi hufa, mzinga huishi. Ngoma moja inaweza kuwa imebadilishiwa ngozi mara kadhaa na bado ikahesabiwa kuwa ni ileile.

Kuna pia mabanda ya Bagika na Bagalu, boma la Kisukuma lenye nyumba za msonge, nyumba ya mganga na karakana ya mhunzi. Kwa mhunzi, omba uelezwe mivukuto ilivyofanya kazi: mifuko miwili ya ngozi ikipulizwa kwa zamu ili upepo usikatike. Ukikatika, chuma kinapoa na mkaa umekwenda bure. Maelezo hayo yanategemea sana uchangamfu wa mwongoza wageni wa siku hiyo, na uchangamfu huo, kwa sehemu kubwa, unategemea wewe. Ingia na salamu. Asubuhi ni "mwangaluka", jioni "mwadila", mama mtu mzima ni "mayu", na ukipewa kitu sema "wabeja". Mtu aliyeanza na "mwangaluka mayu" huonyeshwa vyumba viwili zaidi ya yule aliyeanza na "shilingi ngapi".

Ngoma ya kuchezewa wageni, pamoja na chatu, haipatikani kwa kufika tu. Wachezaji wana mashamba na kazi zao. Piga simu siku kadhaa kabla, uliza idadi ya wachezaji, muda watakaocheza, na kama bei inajumuisha picha na video. Malalamiko mengi ya wageni hutokea hapo: wamelipia kiingilio, wakadhani ngoma imo. Haimo. Wenye bahati ni wanaokwenda wakati wa Bulabo, sikukuu inayoandamana na ile ya Wakatoliki ya Ekaristi Takatifu, ambapo Bagika na Bagalu hushindana kwelikweli na si maonyesho. Kwa kuwa Pasaka huhama, nayo huhama. Hesabu siku 60 kutoka Jumapili ya Pasaka upate Alhamisi ya Ekaristi, kisha uliza Bujora wenyewe ratiba ya mwaka huo. Siku hizo Kisesa hujaa. Vyumba vya kulala tafuta mjini, na beba maji.

Wakati wa kurudi, shuka Igoma. Hapo kuna makaburi na mnara wa kumbukumbu ya waliokufa kwenye meli ya MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, watu zaidi ya 800 wakapotea. Familia nyingi za Kanda ya Ziwa zina mtu pale. Si mahali pa kupigia picha ukiwa umetabasamu. Robo saa inatosha.

Makoroboi

Siku ya pili ni ya mjini, na ianze Makoroboi. Jina la eneo limetokana na kazi yake ya zamani: hapa mafundi walikata makopo matupu wakatengeneza vibatari, ambavyo huku vinaitwa koroboi. Siku hizi nguo na vyombo vya plastiki vimeshika nafasi kubwa, kwa hiyo usisimame barabarani ukitegemea kuziona taa. Fuata mlio wa nyundo. Watengeneza majiko ya mkaa, makarai na masanduku ya bati ndio ndugu wa kazi hiyo, na kama mmoja wao hatengenezi koroboi, anamjua anayetengeneza.

Koroboi ni kitu kidogo chenye akili nyingi, nacho kinastahili kuangaliwa kikitengenezwa. Fundi huchagua kopo la bati jembamba, la maziwa ya unga kwa mfano, akalifungua kwa mkasi kwenye mshono wa kiwandani na kulinyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha chuma. Anakata ukanda wa sentimita 6 hadi 8 kwa ajili ya mwili. Kingo zake mbili anazikunja kama ndoana, milimita 4 au 5 kila upande, anaziingiza moja ndani ya nyingine, anagonga zilale. Nguvu yote ya taa imo kwenye mkunjo huo. Lehemu inakuja baadaye kuziba tu upenyo. Fundi mvivu huacha kukunja, akalaza bati juu ya bati na kulehemu. Kwa macho zinafanana. Pitisha ukucha kwa nje ya mshono: palipokunjwa utahisi ngazi nene yenye tabaka kadhaa, palipolazwa utahisi kama ukingo wa karatasi.

Kitako hukatwa duara kubwa kidogo kuliko mwili, kikakunjwa juu kuzunguka. Kifuniko hutobolewa katikati, na mrija wa utambi huviringwa kwenye msumari wa inchi 4. Hapa ndipo panapoharibika sana. Mrija ukiwa mfupi, mwali unakaa karibu na kifuniko, na lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 tu. Taa inaachia ikiwa inawaka. Mrija mzuri umetokeza sentimita 2 au zaidi juu ya kifuniko. Jambo la pili ni kitundu cha hewa, kidogo kama ncha ya sindano nene, pembeni ya mrija. Mafuta yakipungua lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Bila kitundu utambi unakauka na mwali unasinyaa wakati taa bado ina mafuta, watu wakalaumu utambi.

Kabla ya kulipa, omba maji. Jaza, futa nje kwa kitambaa, weka juu ya gazeti dakika 10, tafuta alama ya unyevu kwenye mshono na kitako. Fundi anayejiamini hakatai. Ujue tu kwamba mafuta ya taa hupenya hata pale maji yaliposhindwa, kwa hiyo nyumbani rudia kwa mafuta, usiku mzima, nje, bila kuwasha. Na mafuta yawe ya taa: yaliyochanganywa na petroli yamechoma nyumba nyingi. Wengi hununua koroboi ya pambo, na hakuna ubaya, ila usiigeuze kikombe wala kopo la chumvi, maana lehemu ina risasi ambayo ni sumu.

Ukitaka kumpiga picha fundi, nunua kwanza, omba baadaye. Malipo ya simu hupokelewa karibu kila mahali lakini kwa kitu cha elfu chache beba noti ndogo. Fundi aliyeinamia moto hapendi kuosha mikono ili akague ujumbe wa malipo.

Kununua vinyago na ngoma

Maduka ya zawadi Mwanza si mengi, na yapo zaidi karibu na hoteli kubwa na uwanja wa ndege. Vingi vilivyojaa humo si vya hapa. Vinyago vyeusi vimetoka kwa Wamakonde wa kusini, picha za rangi ya mafuta zenye twiga na ndege ni za mtindo wa Tingatinga uliozaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Si vibaya kuvinunua, ila usiambiwe ni vya Kisukuma ukalipa bei ya Kisukuma.

Mpingo unaigwa sana: mti wa kawaida unapakwa dawa ya viatu nyeusi. Uzito unasema. Mpingo mkavu ni mzito kuliko maji na huzama, kwa hiyo kipande kizima kisicho na uwazi ndani, chenye ukubwa wa chupa ya nusu lita, kinapaswa kukuzidi mkononi kuliko chupa hiyo ikiwa imejaa maji. Shika vyote viwili kwa wakati mmoja. Halafu geuza kinyago uangalie kitako, sehemu ambayo wachongaji hawaihangaikii: mpingo wa kweli mara nyingi unaonyesha mahali fulani ukanda wa rangi ya maziwa, ambao ni mti wa nje unaokaa karibu na gome. Sugua kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka cheusi, umepata jibu. Nyufa nazo zipo, maana mti huu hukauka polepole na wachongaji hawana muda wa kungoja. Ufa mwembamba usio na kitu ni wa kusamehewa. Ufa uliojazwa gundi na vumbi la mti utafunguka tena, hasa ukikaa chumba chenye kiyoyozi.

Kwa ngoma, nunua kwa mtengenezaji, na ununue wakati wa jua. Siku ya mvua ngozi imelegea na huwezi kuamua lolote. Washa tochi ya simu, chungulia ndani ya mzinga kutoka chini: ufa unaofuata nyuzi za mti na kuishia katikati huweza kuvumiliwa, unaofika ukingoni kwenye vigingi haufai. Unga laini wa mti chini ya ngoma maana yake kuna wadudu wanakula. Kisha gonga kwa kidole kuzunguka ukingo, sehemu 8, umbali sawa kutoka ukingoni. Sauti zisipolingana, ngozi ilivutwa upande mmoja, na upande uliokazwa zaidi ndio utakaochanika kwanza. Nusa. Ngozi iliyokaushwa vizuri inanuka vumbi na moshi. Inayonuka kitu kingine ilifungwa ikiwa mbichi na itaoza chini ya vigingi, mahali ambapo huoni. Kwenye basi usiikubali iwekwe kwenye buti. Humo kuna joto, na kuna magunia ya dagaa, na harufu ya dagaa ikishaingia kwenye ngozi ya ng'ombe hiyo ngoma ni ya Mwanza milele.

Vikapu na mikeka ya mafunjo au gugu maji ni vyepesi na vya bei nafuu. Kosa lake ni moja: kusukwa kabla ya kukauka. Kunja kishikio, kikibonyea kama mpira wa maji badala ya kurudi, ndani bado kuna unyevu, na baada ya wiki 2 kitaota ukungu wa kijivu.

Mtu akikuita pembeni akuonyeshe ngoma "ya mtemi" au sanamu "ya mababu" kwa bei ya kuvutia, ondoka. Ikiwa ni ya bandia umeibiwa. Ikiwa ni ya kweli, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuitoa nchini bila kibali, na huenda imetoka mahali ambapo bado inatafutwa. Ngozi ya chatu, gamba la kobe na pembe za ndovu ni nyara za serikali, na hapo mazungumzo yatakuwa na polisi.

Miamba, mijusi, na jua la jioni

Alasiri ni ya ziwani. Kisiwa cha Saanane kilianza 1964 kama bustani ya wanyama na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kweli: kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Boti huondokea Capri Point, ilipo ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na safari haizidi robo saa. Beba kitambulisho cha taifa ili ulipe kiwango cha Mtanzania, na usitegemee kulipa kwa noti. Malipo ni kwa kadi au namba ya malipo ya serikali. Kuna swala pala na pimbi, lakini kiumbe wa kutafuta ni mjusi wa miamba ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina la mji huu, Agama mwanzae. Dume ana kichwa na mabega ya waridi iliyokolea na mwili wa buluu. Hukaa juu ya jiwe akipiga pushapu. Rangi hukolea jua likimpata. Asubuhi ya mawingu utamwona wa kijivu na kudhani ni mwingine.

Miamba yenyewe ni matale, yaani graniti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipasuka kwa mistari iliyosimama na iliyolala ikiwa bado ardhini, maji yakapenya kwenye nyufa na kuozesha kona, udongo ukaoshwa, yakabaki mawe ya mviringo yamekaa moja juu ya jingine kana kwamba kuna aliyeyapanga. Juu yake kuna maganda yanayobanduka. Usikanyage ukingo wa ganda, na mvua ikinyesha shuka.

Umalizie Mwamba wa Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Jina ni la kansela wa Ujerumani. Husimuliwa kwamba Wajerumani walisimamisha sanamu yake juu ya mwamba, na Waingereza walipouchukua mji baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaitupa majini. Mwanza iko magharibi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo jua huzama karibu dakika 25 baadaye, kwenye saa 1 kasoro dakika 10 hivi, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Fika saa 12 kamili. Kutoka ufukweni jua linakuwa nyuma ya mwamba, picha itatoka kivuli cheusi. Anayetaka kuona rangi ya jiwe na mistari yake arudi asubuhi. Usielekeze kamera kwenye kivuko na bandari kabla ya kuuliza, na usiingie majini kutafuta pembe nzuri, hata ya magotini. Kichocho kipo, na konokono wanaokibeba hukaa palepale kwenye majani ya ukingoni. Kaa juu ya jiwe kavu. Saa 1 na nusu giza limeshaingia, na bodaboda wa kukurudisha yuko upande wa geti la kivuko.